Vuka Barabara Kwanza

Wanakundi, mkono wangu wa kulia umeanza kutetemeka, na mchora mabango mwenye mkono wa namna hiyo afadhali auze nyanya. Brashi nimeziosha kwa tapentaini, nimezifunga kwenye kitambaa na kuziweka juu ya kabati. Uadmini wa kundi letu la mtandaoni nao nimeuachia. Baadhi yenu mmeniandikia kwamba nisiondoke kimya kimya kama mgeni aliyevunja kikombe, niache maneno. Haya, maneno ndiyo haya. Nani alinilipa vizuri na nani alinizungusha hamtasikia, maana hayo hayamfundishi mtu kuchora. Nitawaambia jinsi nilivyofundishwa kuitazama kazi ya mwenzangu, na siku niliyosahau nilichofundishwa.

Nimezaliwa Mbozi, kwenye kahawa, kwa watu wanaoamini kwamba kazi ni jembe na mengine yote ni michezo. Nilipomwambia baba kwamba nakwenda Tunduma kujifunza kuandika mabango, aliniuliza, "Kuandika? Si uliandika shuleni miaka saba?" Nikaondoka na begi langu mpaka kwa Fundi Silwimba, Mnamwanga mmoja mrefu, mkavu, mwenye kibanda kando ya barabara kuu, pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Zambia.

Nilitegemea siku ya kwanza nitaosha makopo. Wapi! Alinipa brashi na ubao, akaniambia niandike HOTELI. Niliandika kwa mbwembwe zote. H niliipiga pana, ina mabega. Nilipomaliza, akauegemeza ubao ukutani, akasema, "Sasa vuka barabara."

Nikapenya katikati ya malori mpaka ng'ambo. Fundi akapaza sauti, "Unaona nini?"

"Hoteli!"

"Sikukuuliza umeandika nini. Nimekuuliza unaona nini!"

Nikatazama tena. Ile H ilikuwa imekaa kama chifu, na zilizofuata zilikuwa zinazidi kukonda, mpaka I ya mwisho ilibanwa ukingoni ikakosa pa kuweka mguu. Nikapiga kelele, "Herufi ya mwisho imebanwa!"

"Nani kaibana?"

Madereva wakacheka. Nilirudi nimeinamisha kichwa, lakini fundi hakuniambia kazi ni mbaya. Aliniletea kamba ya chaki, akanionyesha namna ya kuivuta na kuiachia ikaacha mstari, na namna ya kugawa ubao kwa penseli kabla brashi haijagusa rangi. Jioni alinipa mafuta ya kula kidogo na chumvi ya kwao Ivuna nisugulie mikono. Hakuna dawa inayotoa rangi ya mafuta kwenye kucha kama chumvi ya Ivuna, na hili msibishane nami.

Huo ndio ulikuwa utaratibu wa kibanda kile. Kazi yoyote, yangu au yake, haikuzungumzwa kabla mtu hajavuka barabara. Alisema bango halisomwi na aliyeliandika huku pua iko kwenye rangi, linasomwa na dereva aliyechoka anayetafuta mahali pa kula. Wiki ya pili alimaliza kazi yake mwenyewe, bango la duka la vipuri, akanituma nivuke. Nikavuka, nikasimama, nikapaza sauti kwa heshima zote, "Nzuri, fundi!"

Mwee! Alikasirika kuliko siku ya HOTELI. "Nzuri siyo kitu kinachoonekana," aliniambia niliporudi. "Nimekutuma ng'ambo kunitazamia, wewe unarudi mikono mitupu." Nikavuka tena. Safari hiyo niliona kwamba kivuli cha herufi kilikuwa kinaanguka kushoto kwenye mstari wa juu na kulia kwenye mstari wa chini, kana kwamba kuna majua mawili. Nilimwambia huku naogopa. Alitazama, akacheka peke yake, akachukua brashi. Hakunisifu siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Niliishi naye miaka mingi, na sifa yake kubwa ilikuwa kunyamaza.

Kuna siku nilichora ng'ombe kwenye bango la mwenye bucha wa Nakonde. Mzambia yule alikuja, akasimama mbele ya bango, akavua kofia. "Mukwai fundi," alisema kwa upole sana, kwa neno la heshima la kwao, "mimi nauza nyama ya ng'ombe. Sasa hii mbwa mmeniwekea ya nini?" Nilitamani ardhi inimeze. Fundi hakunikemea mbele ya mteja. Aliniuliza tu, "Masikio ya ng'ombe yanasimama juu au yanatokea ubavuni?" Nikasema yanasimama. "Umeyaona wapi?" Nikasema najua tu. Akasema, "Ndiyo maana." Siku ya mnada alinipeleka akaniacha kwenye ng'ombe waliopandishwa kutoka Kamsamba, niwatazame kutwa nzima bila penseli. Nilirudi nanuka zizi, lakini sijawahi tena kuchora mbwa mwenye pembe.

Fundi Silwimba aliporudi kwao Ivuna uzeeni aliniachia kibanda na ile kamba ya chaki. Alipofariki tulikwenda kumzika, ndugu wakatafuta picha ya kuweka juu ya jeneza, hawakuipata hata moja. Mtu aliyechora nusu ya mji wa Tunduma hakuwahi kupigwa picha. Jambo hilo lilinikaa moyoni, na nitalirudia.

Baadaye zikaja mashine za kuprinti mabango. Mteja anachagua herufi kwenye kompyuta, anakunywa soda, bango linatoka. Sizitukani mashine. Haziharibu mstari wala hazinywi pombe, kama mafundi wengine ninaowajua. Lakini kazi ikapungua, na nikawa nashinda kibandani nikitazama malori. Binti yangu akaninunulia simu kubwa, akaniunga kwenye kundi hili, akasema, "Baba, kule kuna wachoraji wenzio, kaongee nao uache kumsumbua mama."

Wazee wa kundi mnakumbuka lilivyokuwa. Mtu anaweka picha, zinashuka alama za moto kumi, "noma sana", "Mungu azidi kukuinua", basi. Nilishangaa. Watu wa Nanyala, Vwawa, Itumba, Kamsamba, wamekusanyika mahali pamoja, na wote wanarudishiana mikono mitupu! Nikaanza kuandika ninachokiona. Kijana mmoja wa Nanyala aliweka mchoro wa basi, nikamwandikia kwamba naona basi limekaa barabarani vizuri ila matairi ya nyuma hayagusi ardhi. Akajibu, "Mzee mbona unanichana mbele za watu?" Nikamwuliza matairi yanagusa au hayagusi. Baada ya siku mbili akaleta basi lile lile, sasa lina kivuli chini na uzito wake wote. Wengi wakaanza kuuliza, "Mzee Nzunda anaonaje?" Ndivyo nilivyopewa uadmini.

Tukaweka taratibu zetu. Anayetoa maoni aseme kwanza anachokiona, kisha aulize mchoraji alikuwa anataka nini, ndipo ashauri, na ashauri jambo moja, maana ukimtupia mtu makosa tisa hataokota hata moja. Anayepokea maoni asijibu siku hiyo hiyo. Aandike "Nimepokea," alale, asubuhi atazame tena kazi yake. Mliniona kama bwana nidhamu, lakini mlifuata. Nami nikaanza kujiona. Mtu akikusikiliza sana unaanza kujisikiliza mwenyewe, na hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Mteja wangu wa miaka mingi alikuwa ametoka kuniambia, kwa haya kidogo, kwamba safari hii bango lake anakwenda kuprinti. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimenuna, simu ikalia. Dada mmoja mgeni kundini, Sekela wa Itumba kule Ileje, ameweka picha aliyoichora, ya mwanamke aliyefunga kilemba. Chini ameandika, "Mama yangu. Naombeni maoni."

Sikukaa chini wala sikuvaa miwani. Niliona uso wa bluu, midomo ya zambarau, nikaandika hapo hapo kwa kidole gumba: "Rangi ya ngozi umeikosa kabisa. Huyu si mama, ni maiti."

Vikashuka vikatuni vya kucheka. "Mzee kamchana!" "Babu hana dogo!" Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Siku nzima nilikuwa nimedharauliwa na mashine, na sasa watu walikuwa wanacheka kwa ajili yangu. Nilipofungua simu tena, Sekela alikuwa ametoka kundini. Nikasema moyoni, hawa watoto wa siku hizi hawataki kuambiwa. Nikaendelea na chai yangu.

Siku ya tatu mwalimu mmoja wa Itumba, mwanakundi mwenzetu, alinipigia. Hakunisalimia sana. "Mzee," alisema, "unajua mama yake Sekela amefariki mwezi uliopita? Ile picha ilikuwa ya kuwekwa mbele kanisani, siku ya ibada ya kumkumbuka. Ibada imepita jana. Mezani kulikuwa na maua tu."

Nilikaa juu ya kopo la rangi. Asubuhi nilipanda gari, nikapinda Mpemba kuelekea Ileje, na njia nzima nilikuwa napanga maneno, na kila nililolipanga lilikuwa la kujitetea.

Sekela ni fundi cherehani. Nilimkuta sokoni kwenye meza yake, anashona sare za shule. "Shikamoo baba," alisema, akidhani nimeleta suruali.

"Marahaba mwanangu. Mimi ni Nzunda, wa kundini."

Cherehani ikasimama. Alinitazama, akafuta mikono kwenye kanga. "Karibu," alisema, kwa sauti ya mtu anayemkaribisha mtoza ushuru. Akanisogezea kigoda.

Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia nilipoona mkono wangu juu ya goti. Ulikuwa wa bluu. Kucha zilikuwa za zambarau. Nikainua macho: juu yetu kulikuwa na turubai la bluu, lile la kuzuia mvua, limetandazwa juu ya soko zima, na mwanga wote unaopita pale unapita umebadilika. Nikamwuliza, "Ile picha uliipigia wapi?"

"Hapa hapa. Nje kulikuwa na mvua."

Jamani. Mtu niliyefundishwa kuvuka barabara, katikati ya malori, ili tu kuona herufi moja, nilishindwa kuuliza swali moja la bure: umepigia wapi? Mama yule hakuwa na kosa la rangi. Hata mimi, mzima, nimekaa pale navuta hewa ya Ileje, nilikuwa na mkono wa maiti.

"Nionyeshe picha," nikamwambia. "Nimtazame nje kwenye mwanga."

Alivuta ubao kutoka chini ya meza. Ulikuwa mweupe, una ufa kwenye kona. Ameupaka rangi ya dari, mara mbili, na kwa mbali ungeona bado ukingo wa kilemba. "Niliipaka siku ile ile," alisema.

"Una picha yake nyingine?"

"Ya kitambulisho, ndogo kama kidole gumba, tena imefutika. Mimi sikumchora kwa hiyo. Nilimchora wiki aliyofariki, uso wake ukiwa bado uko kichwani kwangu. Sasa nikimtafuta, simwoni vizuri."

Nililia. Sioni haya kulisema. Mzee wa miaka yangu nililia sokoni mbele ya sare za shule. Nilimwomba msamaha bila yale maneno niliyoyapanga njiani. Sekela alikunja sare aliyokuwa anaishona, kisha akasema, "Baba, hukusema uongo. Hata mimi nilivyoitazama kwenye simu niliiona ya bluu, nikafikiri labda kweli sijui rangi. Ungesema uongo ningekucheka tu. Wewe ulisema upesi."

"Utachora tena?"

"Sijui." Akanipa chai na ndizi za kuchemsha, maana mgeni ni mgeni hata akiwa mimi. Maji yakimwagika hayazoleki, na sote wawili tulilijua hilo tukiwa tunakunywa.

Niliporudi niliwaandikia habari yote kundini, bila kupunguza. Wale wa vikatuni walivifuta, wengine wakamwandikia Sekela pembeni kumwomba radhi. Ndipo tulipoanza utaratibu wa sahani. Wapya mmekuwa mkiuliza kwa nini kila picha inayowekwa kundini lazima iwe na sahani nyeupe pembeni, kana kwamba tunauza chakula. Sababu ndiyo hiyo. Sahani ya bati nyeupe kila nyumba inayo. Ikionekana ya bluu kwenye simu, jueni mwanga ndio wa bluu, mwacheni mchoraji na ngozi yake. Ikionekana ya njano, jua linazama. Ni chombo kizuri kuliko vyote nilivyotumia, na sikukibuni kwa akili, nilikipata kwa aibu.

Sekela nilimrudisha kundini kwa kumwomba. Alirudi, lakini alikuwa anasoma tu. Misimu miwili ya kahawa ilipita bila neno lake. Kila niliposalimia asubuhi nilitazama kama ameona salamu, na alikuwa ameona. Mke wangu aliniambia niache kumsubiri mtoto wa watu. Sikuacha.

Mkono ulipoanza kutetemeka niliamua kazi ya mwisho iwe deni langu la rohoni: Fundi Silwimba, yule asiye na picha. Nilimchora kwa kumbukumbu, amesimama mlangoni pa kibanda, brashi mkononi. Nililazimika kuegemeza kiganja kwenye fimbo na kungoja mtetemo upite kabla ya kila mstari. Nilipomaliza nilimtoa nje, nikaweka sahani pembeni, nikampiga picha, nikawaandikia mvuke barabara.

Mlinisikitisha. "Gwiji!" "Moto, mzee wetu!" "Machozi yamenitoka." Kwa sababu naondoka, mkaamua kunizika kwa maua. Mikono mitupu yote, arobaini na kitu. Kisha ukaja ujumbe wa Sekela, wa kwanza tangu arudi. Naunakili kama ulivyo:

"Shikamoo baba. Nimevuka barabara. Sahani ni nyeupe, kwa hiyo rangi naiamini. Naona mzee mrefu mlangoni. Naona vidole vyake vimeishika brashi kama mtu anayeijua. Ila macho yake yanamtazama mchoraji, tena yanacheka kwa upole. Ulitusimulia kwamba fundi huyu hakuwahi kukusifu. Huyu uliyemchora anakusifu. Ulitaka nini, baba: uso wake, au sifa zake?"

Niliandika "Nimepokea," nikaweka simu chini. Sikulala vizuri. Nilikuwa nimemtafuta mzee yule kwa miezi, nikampata, halafu nikamtia mdomoni neno alilolinyima maisha yake yote. Asubuhi nilishusha brashi moja kutoka juu ya kabati. Ilinichukua siku tano kuyahamisha yale macho mawili, kutoka kwangu kwenda juu ya bega langu, ng'ambo ya barabara, yananyanyuka kidogo kama yanauliza. Mke wangu alipita na ndoo, akasimama. "Heee," alisema, "sasa ndiye yeye. Ananifanya nione haya kwa kutofagia." Ndiyo maana mliponiuliza nimwachie nani uadmini, sikuumiza kichwa.

Juzi, siku ambayo Sekela aliupokea uadmini, aliniandikia pembeni. "Baba, una nafasi? Kuna kitu." Ikaja picha. Ubao ule ule. Niliutambua kwa ufa wa kona. Mwanamke aliyefunga kilemba, na pembeni sahani ya bati yenye ukingo wa bluu.

Nikavaa miwani. Kisha nikafanya jambo la kijinga. Niliiegemeza simu kwenye kigoda mlangoni, nikavuka barabara. Kutoka ng'ambo, bila shaka, sikuona kitu ila kimwanga kidogo kama kucha. Dereva mmoja alichungulia dirishani akaniuliza, "Mzee, umepoteza nini?" Nikamwambia hapana, namtazama mama wa watu. Akatikisa kichwa. Lakini nilisimama pale mpaka nilipotulia, ndipo nikarudi, nikakaa chini, nikamtazama kwa karibu muda mrefu.

Nikamwandikia: "Naona mwanamke anayetaka kucheka ila anangoja wageni waondoke. Naona kilemba kimefungwa kwa haraka upande wa kulia, nadhani ni makusudi. Jicho la kushoto limekaa chini kidogo kuliko la kulia. Je, ndivyo alivyokuwa?"

"Ndivyo alivyokuwa," alijibu. "Nilikuwa nimelisahau hilo jicho. Limerudi lenyewe." Kisha akauliza: "Na rangi ya ngozi, baba? Unaionaje?"

Nilikaa na swali hilo mpaka chai ikapoa. Nilitazama tena, nisije nikasema upesi. Ndipo nikamjibu: "Sahani ni nyeupe, na mama yuko hai."

Akaandika, "Nimepokea."